John Kemeny: Mkimbizi Aliyefungua Chumba cha Kompyuta

Safari hii mhariri ameniomba niwaletee maisha ya mtu wa fani yetu sisi watu wa uhandisi, ila asiwe yule ambaye kila mtu ameshachoka kumsikia. Nimemchagua John Kemeny. Ukilitaja jina hilo leo maabara, vijana wengi watakutazama tu. Lakini itaje BASIC, ile lugha ambayo watoto wa sekondari wasio na idadi walianzia nayo kuandika programu, uone wazee wa kompyuta watakavyotabasamu. BASIC aliitunga Kemeny, yeye na mwenzake Thomas Kurtz, mwaka 1964.

Nina sababu mbili za kumchagua. Kwanza, huyu bwana alikuwa mgeni ughaibuni kama sisi, tena alifika akiwa bado wa umri wa sekondari. Pili, maisha yake yote yanajibu swali moja ambalo kule nyumbani bado hatujalimaliza: kompyuta ya shule ni ya nani?

KUTOKA BUDAPEST

Alizaliwa tarehe 31 Mei 1926 mjini Budapest, Hungaria, katika familia ya Kiyahudi. Wazazi walimwita János György. Hilo la John lilikuja baadaye, kama ilivyo kwa wageni wengi wanaochoka kusahihisha majina yao kila siku.

Mwaka 1938 majeshi ya Hitler yaliingia Austria, ambayo ni mlango wa pili tu kutoka Hungaria. Baba yake aliona mapema wingu linavyotanda. Akatangulia Marekani peke yake kutafuta maisha, na mwaka 1940 akaivuta familia yake. Babu alikataa katakata kuondoka. Yeye na jamaa wengine waliobaki nyuma waliuawa katika yale maangamizi ya Wayahudi. Kwa hiyo tunaposema Kemeny alikwenda Marekani kusoma, tuelewe pia kwamba alikuwa anakimbia kifo.

Walifikia New York, na kijana akaandikishwa George Washington High School, shule ya serikali kaskazini mwa Manhattan. Kiingereza alikuwa nacho kidogo sana. Wengi wetu tunayajua hayo: unakaa darasani, jibu unalo, lakini maneno hayatoki. Hesabu ndiyo iliyomwokoa, maana hesabu haina lafudhi. Baada ya miaka 3 alimaliza akiwa wa kwanza katika kundi lake, na mwaka 1943 akaingia Chuo Kikuu cha Princeton kusoma hisabati na falsafa.

KAZI YA MIKONO LOS ALAMOS

Kabla hajamaliza shahada, vita vilimfikia. Aliingizwa jeshini, na mwaka 1945 akapelekwa Los Alamos, New Mexico, kwenye ule mradi wa siri wa bomu la atomiki. Hakupewa bunduki. Aliwekwa kitengo cha mahesabu, na mmoja wa wakubwa wake alikuwa Richard Feynman, ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel ya fizikia.

Kompyuta kama tunazozijua hazikuwepo. Kulikuwa na mashine za IBM za kusoma kadi zenye matundu, na vijana waliozihudumia kwa zamu, usiku na mchana, siku 6 kwa wiki. Kadi zinatoka mashine hii, unazibeba hadi ile, unazipanga, unarudia. Mlinganyo mmoja tu uliweza kuchukua wiki mbili au tatu. Yaani huko nako walikuwa wanabeba boksi, tofauti ni kwamba maboksi yao yalikuwa na kadi.

Hapo hapo Los Alamos alisikia mhadhara wa John von Neumann, Mhungaria mwenzake, akieleza mashine zitakazokuja: za umeme, zenye kumbukumbu, zinazohifadhi maagizo yake zenyewe ndani. Kemeny alitoka pale akijiuliza kama ataishi kuiona hata moja. Miaka mingi baadaye alipenda kuwaeleza wanafunzi wake kwamba kazi yote iliyowachukua pale Los Alamos mwaka mzima, mwanafunzi wa shahada ya kwanza angeweza kuimaliza kwa mchana mmoja, tena wenzake wengi wakiwa wanaitumia kompyuta hiyo hiyo kwa mambo yao.

Vita vilipokwisha alirudi Princeton. Alipata udaktari wake mwaka 1949, akiwa na miaka 23, chini ya Alonzo Church, mmoja wa waliojenga misingi ya nadharia ya kompyuta. Katika kipindi hicho hicho alikuwa msaidizi wa Albert Einstein. Kazi yake ilikuwa kumsaidia mzee huyo kwenye hisabati ya utafiti wake.

CHUO KIDOGO MLIMANI

Mwaka 1953 alihamia Dartmouth, chuo kilichoko mji mdogo wa Hanover, jimbo la New Hampshire, akiwa profesa kamili mwenye miaka 27. Muda si mrefu akawa mkuu wa idara ya hisabati. Mwaka 1956 alimwajiri Thomas Kurtz, mtaalamu wa takwimu, na wawili hao wakashikana kama kinu na mchi.

Dartmouth wakati huo hakikuwa na kompyuta. Kurtz alikuwa anatoboa programu kwenye kadi, anazitia kwenye sanduku la chuma, anapanda treni kwenda MIT karibu na Boston. Anazikabidhi, anasubiri majibu, anarudi. Baada ya wiki mbili, safari nyingine. Hebu fikiria: umekosea alama moja, mkato tu umeuweka pasipo pake, programu imekataa. Unasahihisha, unasubiri tena wiki mbili. Mtafiti mwenye mshahara anaweza kuvumilia. Mtoto wa miaka 16 atakata tamaa siku ya kwanza.

Hapa ndipo wazo lilipozaliwa. Kurtz alimwendea Kemeny na pendekezo kwamba kila mwanafunzi wa Dartmouth ajifunze kutumia kompyuta. Kila mwanafunzi, si wale wa hisabati na uhandisi peke yao. Kwa wakati ule hayo yalikuwa maneno ya kuchekwa. Kompyuta moja ilikuwa na bei ya kutisha, inafungiwa kwenye chumba chenye ubaridi, na wanaoruhusiwa kuisogelea ni wachache. Wewe unasimama dirishani, unatoa kadi zako kama mtu anayepeleka barua posta.

Kemeny alikubali mara moja, na hoja yake ilikuwa ya kisiasa kuliko ya kifundi. Wanafunzi wengi wa Dartmouth, kama robo tatu hivi, hawakuwa wa sayansi. Hao ndio watakaokuja kuwa wakurugenzi, wanasheria na wabunge. Watafanya maamuzi kuhusu mashine hizi na watu watakaoathirika nazo. Wakikaa nje ya mlango, watatawaliwa na kitu wasichokijua, au na wataalamu wachache watakaowaambia lolote.

Mfano wake alioupenda ulikuwa maktaba. Kuna maktaba ambayo unaingia, unatembea kati ya rafu, unachomoa kitabu, unasoma, hakuna anayekuuliza unakitakia nini. Kompyuta nayo, kwa maoni yake, iwe hivyo hivyo: bure, wazi, bila kujieleza kwa mtu.

MHUDUMU MMOJA, MEZA THELATHINI

Vikwazo vilikuwa viwili. Cha kwanza, mashine ni moja na watu ni wengi. Dawa yake ilikuwa kugawana muda, jambo ambalo John McCarthy wa MIT alikuwa amemshauri Kurtz walijaribu. Mchukulie mhudumu mmoja hodari kwenye hoteli yenye meza thelathini. Anachukua oda hapa, anaweka maji pale, anarudisha chenji kule. Kwa kuwa wewe mteja unatumia muda mwingi kutafuna na kufikiri, hujisikii kusahaulika. Kompyuta ni hivyo hivyo: inampa kila mtu kipande kidogo cha sekunde na kuzunguka haraka kiasi kwamba kila mmoja anadhani ni yake peke yake. Programu ya kuendesha mfumo huo iliandikwa kwa sehemu kubwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza. Watoto wa chuo, sio kampuni!

Kikwazo cha pili kilikuwa lugha. FORTRAN ilikuwepo tangu 1957, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya wanasayansi, imejaa kanuni ambazo mgeni hazishiki. Kemeny na Kurtz waliamua kutunga yao. Amri zake hazikufika 20, nyingi zikiwa maneno ya kawaida ya Kiingereza, na mtu aweze kuanza kazi baada ya mihadhara miwili au mitatu tu. Tazama:

10 LET A = 7
20 LET B = 5
30 PRINT A + B
40 END

Hata kama hujawahi kugusa kompyuta, umeshaelewa. A ni 7, B ni 5, chapa jumla, maliza. Zile namba za pembeni ndizo zinazoiambia mashine ianze wapi na iende wapi. Ukitaka kusahihisha mstari wa 20, unauandika upya na namba yake, basi. Ukikosea, mashine inakujibu pale pale, kwa maneno mafupi, na hakuna haja ya kupanda treni.

Kompaila, yaani ile programu inayogeuza maandishi hayo kuwa kitu mashine inachoelewa, aliianza Kemeny mwenyewe mwaka 1963. Kompyuta ya General Electric, aina ya GE-225, ilifika mapema mwaka uliofuata. Tarehe 1 Mei 1964, kama saa kumi alfajiri, programu za BASIC ziliendeshwa kwa mara ya kwanza kwenye mfumo ule kutoka mashine zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Zikatoa majibu sahihi.

Kisha wakafanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko lugha yenyewe: waliiachia. Yeyote aliyetaka kuitumia au kutengeneza toleo lake hakuombwa ada.

MASHINE INAINGIA SEKONDARI

Kwa kuwa mfumo ulitumia laini ya simu, hukulazimika kuwa chuoni. Ulihitaji teletaipu, ile mashine ya kupiga chapa inayotoa kelele kama cherehani, na simu. Sekondari ya mji wenyewe, Hanover High School, ilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuunganishwa. Kuanzia 1967, kwa fedha za mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani, mradi wa Dartmouth uliunganisha shule za sekondari 18 za eneo la New England, za serikali na za binafsi.

Ukisoma habari za miaka ile unagundua kwamba mafanikio hayakuja kwa silabasi. Walimu wengi walikuwa wanajifunza pamoja na wanafunzi, na mara nyingi wanafunzi waliwapita. Watoto walifika kabla ya kengele na kubaki baada ya masomo. Waliandika michezo, walibadilishana programu, waliofahamu waliwafundisha wasiofahamu. Kemeny hakuona michezo kuwa ni kupoteza muda. Mtu akicheza na mashine, hofu inamtoka.

BASIC ikasafiri kuliko waliyoitunga walivyotarajia. Mwaka 1968, upande wa pili wa Marekani, kina mama wa shule ya Lakeside mjini Seattle walichangisha pesa kwa kuuza vitu vilivyokwishatumika, wakaipatia shule teletaipu na muda wa kompyuta. Lugha waliyoikuta humo ilikuwa BASIC, na kati ya vijana walioganda pale ni Bill Gates na Paul Allen. Mwaka 1975 wawili hao waliandika BASIC kwa ajili ya kompyuta ndogo ya Altair, na ndipo Microsoft ilipoanza. Miaka ya themanini kompyuta za nyumbani na za shule ziliwashwa zikiwa na BASIC ndani tayari, ikiwemo BBC Micro iliyojaa kwenye shule za Uingereza. Hata kwetu ilifika: waliosoma somo la kompyuta sekondari nchini Kenya wanaikumbuka Visual Basic, ambayo ni mjukuu wa lugha ile ile.

Tusimpake mafuta marehemu kupita kiasi. BASIC ilikuwa na kasoro. Amri ya GOTO, inayoruhusu programu kuruka kutoka mstari wowote kwenda wowote, ilizaa programu zilizosokotana kama tambi. Edsger Dijkstra, mwanasayansi mkubwa wa Uholanzi, aliandika mwaka 1975 kwamba lugha hiyo inaharibu akili za wanaoanza nayo. Alizidisha, maana wengi walioanza nayo wamekuja kuwa wahandisi safi tu. Lakini Kemeny na Kurtz wenyewe hawakufurahia matoleo ya mitaani yaliyotoka bila mpangilio. Mwaka 1983 walianzisha kampuni kutengeneza toleo lililonyooka, True BASIC. Soko halikuwapokea kwa kiasi walichotarajia, kwa sababu watu walishazoea yale matoleo yaliyokuja bure na mashine.

RAIS WA CHUO ANAYESAHIHISHA MITIHANI

Mwaka 1970 Kemeny alichaguliwa kuwa rais wa Dartmouth, akadumu hadi 1981. Miaka yote hiyo hakuacha kufundisha. Chuo kile kilikuwa cha wanaume watupu kwa zaidi ya miaka 200. Chini yake, mwaka 1972, wanawake wakaanza kusomea shahada. Pia alifufua ahadi ya zamani ya chuo ya kuwasomesha Wahindi Wekundu, wenyeji wa asili wa Marekani, ambayo ilikuwa imesahauliwa. Wahitimu wa zamani walinung'unika, magazeti yakamshambulia. Ukiangalia vizuri, ni jambo lile lile alilolifanya na kompyuta: kuuliza kwa nini mlango huu umefungwa, na nani aliyeamua.

Mwaka 1979 kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, kilipopata ajali, Rais Carter alimkabidhi kuongoza tume ya uchunguzi. Ripoti yao ilitoka Oktoba mwaka huo huo, na haikumbembeleza mtu. Ilionyesha kwamba tatizo halikuwa mitambo peke yake. Waendeshaji hawakufundishwa vya kutosha, na mamlaka iliyotakiwa kusimamia ililegea. Tume nzima iliongozwa na mtu aliyeamini tangu zamani kwamba jamii isiyoelewa mashine zake iko hatarini.

Alifariki tarehe 26 Desemba 1992 huko New Hampshire, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 66. Mwenzake Kurtz aliishi hadi Novemba 2024.

SISI JE?

Wandugu, mimi nilisoma sekondari yenye chumba cha kompyuta. Usicheke. Kompyuta zilikuwepo, za msaada, zimefunikwa vitambaa vizuri kama makochi ya sebuleni kwa bibi. Ufunguo ulikaa ofisini. Tulijifunza sehemu za kompyuta kwa kuzichora daftarini kutoka ubaoni, na siku mgeni akija ndipo vitambaa vinatolewa. Sikuwa peke yangu. Nimeuliza wenzangu hapa chuoni kutoka nchi tatu tofauti, na wote wana chumba chao cha namna hiyo.

Sababu zinaeleweka. Mwalimu anaogopa: kikiharibika kitu atalipa nani? Umeme nao unakatika. Wala siwalaumu. Lakini kumbuka Kemeny naye alikuwa na mashine moja, ya gharama kubwa kuliko shule nzima, na bado akawaachia vijana wa mwaka wa kwanza. Hata mfumo wenyewe uliandikwa na wanafunzi.

Mambo yanabadilika, tukiri. Mwaka 2022 Kenya ilipitisha mtaala wa kufundisha kuandika programu katika shule za msingi na sekondari. Ni hatua kubwa. Lakini mtaala ni karatasi. Mtoto hajifunzi kuogelea kwa kusomewa habari za maji.

Na hapa ndipo linapotuhusu sisi wanachama. Vyama vyetu vimezoea kukusanya kompyuta zilizokwishatumika na kuzituma nyumbani. Ni sadaka njema, tuendelee. Ila nina ombi. Kabla ya kufunga kontena lijalo, tuiulize shule inayopokea maswali matatu. Chumba kitakuwa wazi saa ngapi kwa wiki nje ya vipindi? Nani kati ya wanafunzi atakabidhiwa ufunguo? Na kikiharibika kitu, mmekubaliana kwamba hakuna mtoto atakayelipishwa? Majibu yakiwa mazuri, tutume hata kompyuta 5 tu, zitatosha kuanzia. Majibu yakiwa mabaya, hata 50 zitaishia kufunikwa vitambaa.

Lugha siku hizi si BASIC tena. Wengi wanaanzia Python, na watoto wadogo Scratch. Hilo lisitusumbue. Lugha zitabadilika tena kabla wadogo zetu hawajamaliza kidato cha nne. Kitakachobaki ni kile kitu Kemeny alichokielewa tangu enzi za kubeba kadi: anayeanza anahitaji mashine inayomjibu leo, na ruhusa ya kukosea bila kuogopa mtu.

Msome huyu mzee mkipata nafasi. Na mwenye shule inayosubiri kontena, anitafute kwenye mkutano wetu ujao tuyapange hayo maswali pamoja. Nawatakia mitihani mema.